Kuendesha Kituo cha Maadili Jirani na Nyanda za Kitengela

Chuo kikuu kinachotaka kuanzisha kituo cha maadili cha taaluma mbalimbali, yaani mahali ambapo mwanafalsafa, mwanasheria, mchumi na mwanaikolojia hulichambua suala moja kwa pamoja, hakina budi kuanza na suala lenyewe kabla ya kugawa vyeo, kwa kuwa bodi isiyo na swali la kujibu huishia kuwa mhuri wa kupitisha maombi ya utafiti. Katika Kaunti ya Kajiado, swali halitafutwi mbali.

Mpango wa kukodi ardhi kwa ajili ya wanyamapori, ulioanzishwa Kitengela mwaka 2000, uliwalipa wafugaji takriban dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe uzio, wasichimbe mawe wala kuyakata mashamba yao vipande, na hivyo nyumbu na pundamilia wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi wabaki na njia ya kuelekea kusini. Malipo yalitolewa kwa awamu kufuatana na mihula ya shule, utaratibu unaostahili sifa, kwani ndipo karo inapodaiwa. Hata hivyo, mwanaikolojia akiona nyumbu wamepita ataridhika. Mchumi atauliza iwapo dola 4 zinaweza kushindana na bei ya ploti kando ya barabara ya Namanga. Mwanasheria atatazama hatimiliki ina jina la nani. Naye mama anayekamua ng'ombe katika shamba hilohilo, ambaye jina lake halimo katika hati, atataka kujua ni nani aliyemshauri. Kituo kinapaswa kulisikiliza swali lake kwanza, maana halina taaluma ya kulitetea.

Kwa hiyo ridhaa, yaani kukubali kwa hiari baada ya kuelewa, isihesabiwe kuwa sahihi tu. Kibali cha NACOSTI, tume inayosimamia utafiti kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013, ni cha lazima, na vivyo hivyo kuifuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini mzee wa boma asiyesoma Kiingereza ana haki ya kuelezwa kwa Kimaa, mbele ya wake na vijana wanaoitegemea ardhi hiyo. Watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, walifanya jambo la kuigwa walipopima nyua za nyanda hizo pamoja na wakazi wenyewe.

Bajeti nayo itenge nauli, mkalimani na posho ya wajumbe wafugaji. Kikao kikiitishwa wakati wa kiangazi, mifugo ikiwa imehamishiwa mbali, wajumbe hao hawatafika, na katika hali hiyo ratiba ya chuo ndiyo inayopaswa kusogezwa.