Programu ya Kuhariri Video za Shamba: Chagua Inayoendana na Kazi na Mfuko Wako

Vijana wengi sasa mnauza vifaranga, miche na mboga kupitia WhatsApp, Instagram na TikTok. Swali linakuja: nitumie programu gani kuhariri video zangu? Anza na kazi yenyewe, siyo jina la programu.

1. Video inakwenda wapi?
Kama unawaonyesha wateja nyanya zilizoiva, unahitaji kukata vipande, kuandika bei na namba ya simu, na kuweka sauti. Simu inatosha. CapCut, InShot na KineMaster zinapatikana bure, ila bure ina masharti: KineMaster ya bure huweka nembo yake kwenye video, na CapCut ina vifaa vinavyofungwa mpaka ulipie.

2. Una kifaa gani?
Kwa masomo marefu, kompyuta ni nzuri zaidi. Shotcut na Kdenlive ni bure kabisa na haziweki nembo. DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure lenye uwezo mkubwa, lakini linataka kompyuta yenye nguvu. Laptop ya RAM GB 4 itakwama tu.

3. Piga hesabu kama ya pembejeo
Tuseme programu ni Sh 15,000 kwa mwezi, na trei moja ya mayai inakuachia faida ya Sh 1,500. Lazima video zikuletee mauzo ya trei 10 za ziada kila mwezi ndipo urudishe hela tu. Hazileti? Baki na ya bure. Angalia pia aina ya malipo: Adobe Premiere Pro hulipiwa muda wote unaoitumia, DaVinci Resolve Studio hulipiwa mara moja.

4. Jaribu kabla ya kulipa
Hariri video moja ya sekunde 30 mpaka mwisho, kisha mtumie rafiki. Imechukua muda gani? Nembo ipo? Bei inasomeka ukiwa juani? Wakati wa mavuno unarudi jioni umechoka, kwa hiyo programu inayokula saa mbili hutaitumia.

Mwisho, usikoleze rangi ya zao. Mnunuzi akisafiri na gari kufuata nyanya nyekundu akakuta za kijani, umempoteza yeye na wenzake, na hakuna programu itakayomrudisha.