Huruma kwa Viumbe ni Somo la Mkono

Ndugu msomaji, huko Kibaha na Kisarawe, kama kwingineko, huonekana mtoto akimrushia mbwa mawe au akimlenga ndege kwa manati, na mzazi akapita kimya. Kimya hicho nacho ni fundisho: mtoto hujifunza kwamba maumivu ya asiyesema hayana uzito.

Qurani Tukufu (6:38) yatujulisha kuwa wanyama na ndege nao ni umma kama sisi. Mtume Muhammad s.a.w. alisimulia habari za mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake na kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mwenyezi Mungu akamsamehe. Na masahaba walipochukua makinda ya ndege, aliamuru warudishwe kwa mama yao.

Basi mpe mtoto kazi. Kila asubuhi abadilishe maji ya kuku na ya paka, kivulini. Palipo na kituo cha kuwahifadhi wanyama waliotupwa, nendeni pamoja mkapeleke chakula na magunia ya kulalia. Ila mwonye asimguse mbwa asiyemjua. Aking’atwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali upesi, kwani kichaa cha mbwa huua.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza ukatili. Lakini moyo wa mtoto hulelewa nyumbani. Amhurumiaye paka leo, kesho atamhurumia yatima.

Mwenyezi Mungu atujalie malezi mema. Amin.