Kutafuta Kanuni ya Uhusiano kutokana na Jozi za Namba

Mada hii huonekana nyepesi, na mara nyingi huharakishwa. Hata hivyo, ndimo mwanafunzi anamojifunza tofauti kati ya kukisia na kujua. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha jinsi tunavyoweza kumwongoza atoke katika kukisia na kufikia kujua.

Tuanze na vijiti. Kila kundi lipange pembetatu katika safu moja, kila pembetatu ikitumia kijiti kimoja cha jirani yake, kisha liandike idadi ya pembetatu na idadi ya vijiti. Jozi zitakuwa (1, 3), (2, 5), (3, 7), (4, 9). Tukiuliza kanuni, wengi watajibu, "Ongeza 2." Jibu hili si baya, lakini halitoshi. Wametazama namba za pili peke yake. Hawakutazama jinsi kila namba ya kwanza inavyohusiana na mwenzake. Tuwaulize: je, pembetatu 100 zahitaji vijiti vingapi? Anayeongeza 2 kila mara atachoka kabla ya kufika.

Hapo ndipo tuwape hatua tatu:

1. Tafuta tofauti. Namba ya kwanza ikiongezeka kwa 1, ya pili huongezeka kwa 2. Basi namba ya kwanza izidishwe kwa 2.

2. Linganisha. Mara 2 ya 1 ni 2, nasi twataka 3, imepungua 1. Kanuni tunayoikisia ni y = 2x + 1.

3. Hakikisha kwa kila jozi, si kwa moja tu.

Kwa kanuni hii, pembetatu 100 zahitaji vijiti 201. Jozi zikirukaruka, kama (2, 7), (5, 16), (9, 28), tugawanye ongezeko la namba ya pili kwa ongezeko la namba ya kwanza: 9 ÷ 3 = 3, na 12 ÷ 4 = 3. Kanuni ni y = 3x + 1.

Tusiishie hapo. Tuulize: kwa nini? Vijiti vyenyewe vyajibu: kimoja ni cha kuanzia, kisha kila pembetatu huongeza viwili. Sasa kanuni ina sababu.

Ili wauone uzito wa swali hilo, wachore duara, waweke nukta kwenye mzingo wake, na waunganishe kila nukta na nyingine zote kwa mistari iliyonyooka, pasiwe na mistari mitatu inayokutana mahali pamoja ndani ya duara. Kisha wahesabu sehemu zilizogawanyika. Watapata (1, 1), (2, 2), (3, 4), (4, 8), (5, 16). Bila shaka watatabiri kwamba nukta 6 zitatoa sehemu 32. Wakichora kwa uangalifu watapata 31.

Mwalimu asiwaambie mapema. Awaache wahesabu tena, wabishane na kulinganisha michoro yao. Jozi tano zilikubaliana na kanuni isiyo ya kweli, na jozi moja ikaivunja. Mwanafunzi aliyeliona jambo hilo kwa macho yake hataridhika tena na kanuni kwa kuwa tu imefaa katika mifano michache. Ataidai sababu yake. Tabia hiyo ndiyo tunayoitafuta katika kufundisha Hisabati.