SOMO KWA VYAMA: DEREVA, ULEVI NA HAKI ZAKE BARABARANI

Chama kinachopeleka nazi, mihogo au samaki kutoka Kimbiji hadi masoko ya Dar es Salaam hutegemea gari zima na dereva mwenye akili timamu. Gari hukaguliwa, hali ya dereva aghalabu huachiwa yeye mwenyewe. Somo hili lawahusu makatibu na wanachama wote, kwa kuwa ajali ya gari la chama ni hasara ya kila mwenye hisa.

Sheria yasemaje?

Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya mwaka 1973, ilikataza mtu kuendesha gari akiwa amelewa pombe au dawa za kulevya. Kikomo kilichowekwa ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Lakini dereva wa gari la biashara au la abiria hatakiwi kuwa na kilevi chochote. Kwa hiyo lori la chama linalobeba mazao ya kuuza lihesabiwe daima kuwa gari la biashara.

Hesabu ya usiku

Mwili huondoa kilevi polepole, kiasi cha miligramu 15 kwa saa katika kipimo hicho cha damu. Kahawa, ndimu wala maji baridi haviharakishi kazi hiyo. Ichukuliwe mfano wa dereva aliyekunywa tembo la mnazi, na ifikapo saa sita usiku damu yake ina miligramu 120. Saa kumi na mbili asubuhi zitakuwa zimetoka 90, na kubaki 30. Dereva huyo hayumbi, wala hajioni mlevi. Katika gari lake mwenyewe yumo chini ya kikomo. Katika lori la chama amevunja sheria. Tena tembo halina kipimo kimoja: la asubuhi ni tamu, la jioni limekwisha kuwa kali.

Wajibu na haki

Askari polisi aliye katika sare, akiwa na sababu ya kumshuku dereva, aweza kumtaka apulize kipimo cha pumzi. Kukataa bila sababu ya maana ni kosa. Hata hivyo, kupuliza hakumwondolei mtu haki zake:

1. Kwa mujibu wa ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977, mshtakiwa hahesabiwi kuwa mkosaji mpaka ithibitike hivyo.

2. Kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, anayekamatwa huelezwa kosa lake, na aweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki.

3. Ikiwa haiwezekani kumfikisha mahakamani katika saa 24, suala la dhamana hufikiriwa, isipokuwa kwa makosa mazito.

Yafaa pia dereva aombe kwa adabu kuonyeshwa tarakimu za kipimo, kisha aandike saa na mahali. Asitoe fedha ili aachiliwe: kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, mtoaji na mpokeaji wote wana hatia.

Mwenye malalamiko ayapeleke mahakamani. Nchini Kenya, mwaka 2017, Mahakama ya Rufani iliona kwamba kanuni za kipimo cha pumzi za mwaka 2011 hazikulingana na sheria mama. Ushindi huo ulipatikana kwa hoja mbele ya majaji, wala si kwa ubishi kando ya barabara.

Kazi ya chama

Dereva akijua kwamba kukiri kutampotezea posho ya safari na pengine kazi, hatakiri. Ataondoka alfajiri na mzigo wa wanachama, akiomba Mungu asikutane na askari. Basi chama kiwe na dereva wa akiba, na kiweke kanuni kwamba anayesema ukweli kabla ya safari atapumzishwa siku hiyo bila kufukuzwa. Posho ya siku moja ni ndogo mbele ya gharama ya lori lililopinduka, seuze ya maisha ya mtu.

Maswali ya kujadiliana mkutanoni

1. Nani katika chama chenu humwona dereva kabla gari halijaondoka?

2. Dereva wenu akikamatwa usiku, atampigia nani simu?

3. Je, dereva wenu aweza leo kusema "nilikunywa jana" bila hofu?