Mche Mmoja wa Kiwi Hauzai

Kama mipapai, aina nyingi za kiwi zina miti dume na jike. Mkazi akinunua mche mmoja, hata akiutunza vipi, utachanua bila kuzaa. Aina ya Hayward, kwa mfano, ni jike, tena huhitaji baridi ya kutosha ili ichanue. Sehemu za joto haifai.

Pipa la lita 200 likikatwa nusu hutosha miche miwili, kila mmoja na kipande chake. Toboa matundu chini, changanya udongo na samadi iliyooza, kisha simika nguzo imara, kwani mmea hutambaa. Maji yasituame, mizizi huoza.

Miche ya mbegu hukawia, na jinsia haijulikani hadi ichanue. Kabla ya kulipa, muulize mwenye kitalu: upi dume, upi jike?