Miocic au Ngannou: nani wa kwanza?

SWALI: Katika uzito wa juu wa UFC, nani awe namba moja kihistoria: Stipe Miocic, au Francis Ngannou aliyempiga kwa KO?

JIBU: Kwangu ni Miocic. KO moja, hata iwe kali vipi, haifuti kazi ya miaka. Kati ya 2016 na 2018 alitetea mkanda mara tatu mfululizo, jambo ambalo hakuna bingwa wa uzito huo wa UFC aliyekuwa amelifanya. Pambano la tatu lilikuwa na Ngannou mwenyewe: alimbwaga chini mara kwa mara hadi Mkameruni huyo akaishiwa pumzi. Daniel Cormier alimnyang'anya mkanda 2018. Miocic akaurudisha 2019, akamshinda tena 2020.

Ngannou anafuata kwa karibu. Baada ya kumzimisha Miocic Machi 2021, alimshinda Ciryl Gane kwa pointi Januari 2022, akitumia mieleka ileile iliyomwangusha zamani. Ila aliutetea mkanda mara moja tu kabla ya kuondoka 2023.

Ukipanga orodha, pima mambo mawili: amewashinda kina nani, na amedumu kileleni muda gani.