Skizofrenia: Umeme na Sukari ya Ubongo

Mkazi wa Kibugu akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, majirani husema amerogwa. Huenda ana skizofrenia, ugonjwa wa ubongo unaotibika.

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo mno. Daktari Mjerumani Hans Berger aliurekodi kwa binadamu mwaka wa 1924. Umeme huo una gharama: ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zake, hasa kutokana na sukari iliyo katika damu.

Fikiria kinu cha posho. Unaweza kusikiliza mngurumo wa injini, au uangalie dizeli inavyopungua. Watafiti hufanya yote mawili. Mwaka wa 1974, Ingvar na Franzén wa Uswidi waliripoti kwamba kwa watu waliougua kwa muda mrefu, damu ilipungua sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kupanga mambo. Vipimo vya umeme navyo vimeonyesha mawimbi ya polepole yakizidi kwa baadhi ya wagonjwa. Si wote.

Ndiyo maana hakuna picha wala kipimo cha umeme kinachothibitisha skizofrenia peke yake. Daktari huitambua kwa mazungumzo na historia ya mgonjwa. Basi usiuze ng'ombe kulipia picha ambayo daktari hajaagiza. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Mwende pamoja: wewe ndiwe uliyeona mabadiliko yalipoanza.